Fildi ya chuo Uganda: jipange kabla hujaripoti

Ikifika mwezi wa tano utawaona wanafunzi Kampala na bahasha za kaki mkononi, ofisi hadi ofisi, wanatafuta mahali pa kufanyia fildi, yani mafunzo ya kazi nje ya darasa, na semesta imebaki wiki mbili tu kuisha. Vyuo vingi vinaachilia watu kwa wakati mmoja baada ya semesta ya pili, kwa hivo Makerere, Kyambogo, KIU, wale wa Mukono, wote wanagonga mlango uleule miezi ya sita na saba. Ukitaka nafasi nzuri anza kuomba mwezi wa kwanza au wa pili, hata kama koodineta wa fildi pale idarani hajasema kitu bado, we nenda mwenyewe umuulize barua za utambulisho zinatoka lini.

Naandika zaidi kwa watu wa ustawi wa jamii na maendeleo sababu ndo kazi ninayoifanya, ila manesi na walimu pia mtapata chenu humu.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vingine vyote. Pale unapoenda kuna watu wana kazi yao tayari na mara nyingi ni kubwa kuliko mikono iliyopo. Afisa wa probesheni wa wilaya, yule anayeshughulika na kesi za watoto na familia, asubuhi moja tu, ana mama kwenye benchi anadai matunzo ya mtoto, polisi wameleta mtoto aliyeokotwa paki ya taksi, mahakama inangoja ripoti yake, alafu we unaingia na barua unasema nimekuja kujifunza. Ukija hujajipanga umemuongezea mzigo. Ukija umejipanga atakuachia kazi ya kweli mapema, na hapo ndo fildi inaanza, siyo siku uliyoripoti.

Sasa mahali pa kwenda. Wengi wanakimbilia NGO kubwa za Kampala sababu ya jina na ile vesti yenye nembo, na matokeo yake wengine wanamaliza wiki nane wakipiga fotokopi na kupanga viti vya semina. Mi ningekushauri fikiria sabukaunti, ule utawala ulio chini ya wilaya, kwenye ofisi ya CDO, afisa maendeleo ya jamii. Pale utakutana na kila kitu: vikundi vya PDM, ule mpango wa serikali wa kuinua kipato vijijini, vinavyogombania ile milioni 100 ya kila parishi (eneo la vijiji kadhaa), wazee wanaofuatilia hela zao za serikali za kila mwezi, kesi za ugomvi wa nyumbani, walemavu wanaotaka kuunda kikundi, wote wanapita mlango mmoja. Siyo ofisi ya kupendeza, mara nyingi ni chumba kimoja na kabati la faili, lakini CDO akikuamini utatoka unajua serikali inafanyaje kazi kule chini. Kama unapenda mambo ya watoto, angalia ofisi ya probesheni ya wilaya au rimandi homu, pale wanapowekwa watoto wenye kesi. Kama ni afya ya jamii, helthi senta ya daraja la tatu au la nne itakufundisha mengi kuliko hospitali kubwa ambako wanafunzi wamejazana kitanda kimoja watu kumi.

Barua isiandikwe tu "kwa anayehusika" alafu utegemee bahati. Kila mahali kuna mtu wake. Wilayani barua inaenda kwa CAO, mkuu wa utawala wa wilaya, mjini inaenda kwa Town Clerk, mkuu wa utawala wa mji, shuleni kwa hedimasta, helthi senta kwa In-charge lakini wengi wanataka upitie kwanza kwa DHO, afisa wa afya wa wilaya. Chapa nakala mbili. Moja wanabaki nayo rejistri, ya pili wanakupigia muhuri wa kupokea wenye tarehe na unarudi nayo nyumbani, hiyo itunze sana, maana barua kupotea ofisini ni jambo la kila siku na ukirudi baada ya wiki tatu wakakwambia hatujaona kitu we unatoa ile nakala yenye muhuri wao na mazungumzo yanabadilika hapohapo. Muulize pia yule wa rejistri faili imeenda meza ya nani, alafu msalimie kwa heshima kila ukipita, sababu yeye ndo anajua faili iko wapi kuliko bosi mwenyewe.

Wanaotaka kwenda kambi za wakimbizi, Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja, Bidi Bidi, hapo kuna hatua ya ziada na wengi wanaigundua wakiwa wamechelewa. NGO kukukubali haitoshi. Kambi ziko chini ya ofisi ya waziri mkuu, OPM, na lazima uwe na ruhusa yao kabla hujaingia kufanya kazi au kuhoji watu, alafu ukifika unajitambulisha kwa kamandanti, yani mkuu wa kambi, na hiyo karatasi mkononi. Ruhusa inachukua muda wake, kwa hivo iombe mara tu unapopata jibu la NGO, usingoje wiki ya mwisho.

Na kwa sisi tunaoongea Kiswahili hapa Uganda, kambi za kusini magharibi zina faida yake. Wakongomani ni wengi kule na Kiswahili ndo kinafungua mlango, hata kama chao kina ladha yake na maneno mengine itabidi uulize mara mbili, uliza tu, hawakasiriki. Ila kuna mtego. Wakijua unakijua Kiswahili vizuri watakufanya mtafsiri wa ofisi nzima, kutwa unakaa katikati ya afisa na mteja unarudisha maneno, jioni umechoka na hujagusa hata kesi moja yako mwenyewe. Kutafsiri ni kazi ya heshima na unajifunza mengi kwa kusikiliza, sikatai, lakini wiki ya kwanza kaa na supavaiza wako mkubaliane: siku fulani natafsiri, siku fulani nafanya intavyu zangu na kuandika kesi. Mwoneshe ile karatasi ya malengo kutoka chuoni. Wengi wataelewa, walikuwa hawajui tu unatakiwa kutoka na nini. Na ukitafsiri, sema alichosema mtu, usiongeze huruma yako wala kupunguza aibu yake.

Kabla ya siku ya kuripoti, ukiweza, fika pale mara moja. Siyo kwa ajili ya barua, ni kwa ajili ya kujua boda kutoka barabara kuu ni shilingi ngapi, chumba kinapatikana wapi, mtandao gani wa simu unashika, saa ngapi watu wanafika kazini kweli. Ukipata chumba, siku ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yani baraza la kijiji, ujitambulishe na barua yako ya chuo. Ni heshima, na pia siku ikitokea kitu usiku yeye ndo atakuwa anajua we ni nani na umetoka wapi. Ukienda upande wa Bunyoro au Tooro watakuuliza empaako yako, yani lile jina la kusalimiana, Abwooli, Akiiki, Amooti na mengine, na kama huna watakupa. Lipokee na ulitumie, mama wa kijijini akikusalimia kwa empaako mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Pesa. Hapa nitakaa kidogo sababu ndo inaangusha watu katikati ya safari. Vyuo vichache sana vinatoa kitu cha maana, na ofisi nyingi hazilipi mwanafunzi hata nauli. Piga hesabu kwa karatasi. Tuseme boda ni 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki nane, hiyo ni 240,000. Chakula cha mchana posho (ugali) na maharage tuseme 5,000, siku 40, ni 200,000. Tayari uko 440,000 na hujalipa chumba, hujanunua data, hujala usiku, hujachapa ripoti. Wazazi waambie hesabu hii mwezi wa pili, siyo mwezi wa sita wakati ada za wadogo zako zimewabana. Kama hesabu imegoma, badilisha mahali kabla hujaanza, tafuta sabukaunti ya nyumbani kwenu ulale kwa shangazi, hakuna aibu yoyote na alama ni zilezile. Alafu weka pembeni hela ya dharura kwenye simu ambayo huigusi, ya kukurudisha nyumbani ukiumwa.

Manesi, nyie mna jambo la mapema zaidi: chanjo ya hepataitisi B. Dozi ni tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu inakuja miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hivo ukikumbuka wiki moja kabla ya wodi umechelewa. Walimu, ombeni mada kutoka kwa mwalimu mnayempokea darasa kabla temu haijafungua, skimu na lesoni plani za wiki mbili za kwanza ziwe tayari, na kama ni sekondari ya chini someni vizuri mtaala mpya ulioanza 2020, ukiingia na notisi za kuandika ubaoni tu wanafunzi wenyewe watakushangaa.

Mzigo wa begi usiwe mkubwa: chandarua, pawabenki, tochi, gambuti kama ni sehemu ya mvua, sweta zito kama ni kwenye baridi kama Kabale, nguo za ofisi mbili tatu zinazofunika vizuri na viatu vya kutembea maana kufuatilia familia vijijini ni miguu. Vyeti na kitambulisho beba fotokopi, halisi ziache salama. Wale mnaotoka nje ya Uganda angalieni pasi ya mwanafunzi haiishi katikati ya fildi.

Logibuku iandike kila siku, jioni ileile. Najua watu wanaijaza wiki ya mwisho kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na supavaiza wa chuo anaona tu akifungua. Lakini shida siyo kukamatwa, shida ni kwamba umepoteza kumbukumbu, na ripoti inatoka hapo. Angalia tofauti. Mmoja anaandika: "Leo nilisaidia kazi za ofisi na kuongea na wateja." Mwingine anaandika: "Nilikaa na afisa wa probesheni kwenye usuluhishi wa matunzo ya mtoto wa miaka 4. Baba alikubali kutoa pesa kila mwisho wa mwezi, mama alitaka iandikwe. Niliandika makubaliano, wote wakaweka sahihi. Sikuelewa kwa nini bibi wa mtoto hakuitwa, nimuulize afisa kesho." Ile sentensi ya mwisho ndo dhahabu, kesho yake unauliza na unajibiwa, na siku ya kuandika ripoti una kitu cha kusema. Na ona, hakuna jina hata moja. Majina ya wateja hayaingii kwenye logibuku, hayaingii kwenye ripoti, na picha za watoto haziingii kwenye status ya WhatsApp hata kama umewafunika uso. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata bila sheria, yule mtoto atakua na simu yake siku moja.

Kitu kingine kinaniuma sana. Ukivaa kitambulisho cha ofisi watu watakuomba: nisaidie nipate ada ya mtoto, nisaidie niingie kwenye listi ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi za ng'ambo. Usiahidi. Hata "nitaangalia" ni ahadi kwa mtu aliyengoja miaka kumi. Mwambie ukweli, mi ni mwanafunzi, hiyo sina uwezo nayo, ila ofisi inayohusika ni ile pale na twende nikuoneshe. Na usipokee shilingi wala kuku, huduma za wakimbizi ni za bure na mtu akikuambia analipishwa mpeleke kwa supavaiza akaripoti. Ukikutana na mtoto anayeteswa kuna namba ya bure 116, Sauti, iweke kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani.

Kama anayekusimamia ndo anakusumbua, anataka mambo ya usiku au anatishia kutokusaini, usinyamaze uvumilie wiki nane. Andika tarehe na alichosema, hifadhi meseji, mpigie koodineta wa chuo siku hiyohiyo na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Kuhamishwa mahali kunawezekana na wanafunzi wameshahamishwa. Namba ya koodineta iandike pia kwenye karatasi, simu zinaibiwa.

Supavaiza wa chuo akija kukutembelea, mwelekeze njia vizuri kuanzia barabara kuu, mjulishe bosi wako siku mbili kabla, na uwe na faili moja mezani: barua ya kukubaliwa, mpango wa kazi, logibuku. Usimwambie kila kitu kiko sawa kama hakiko, ile nusu saa ndo nafasi yako ya kulalamika mbele ya mtu mwenye uwezo wa kubadilisha kitu.

Fomu ya kutathminiwa mpe supavaiza wa fildi wiki mbili kabla ya mwisho, maana watu wa wilaya wanaitwa mikutano ghafla na unaweza kufika Ijumaa ya mwisho ukakuta ofisi imefungwa na muhuri uko kwenye droo. Ripoti ukishaipitisha chuoni, chapa nakala moja zaidi uwapelekee wale uliofanya nao kazi, walikupa muda wao na mara nyingi hawaoni kilichoandikwa kuhusu ofisi yao.