SOMO: Bustani ya vita ya Waingereza, 1939–45, hatua kwa hatua

Swali ni lile lile kila wiki: walilimaje majumbani wakati wa vita? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Kampeni ya "Dig for Victory" (Lima kwa Ushindi) ilianza Oktoba 1939. Januari 1940 ukaja mgao: bekoni, siagi, sukari. Viazi na karoti havikuwekewa mgao, ndiyo maana vilijaa kila bustani.

1. Pima. Ploti ya kawaida: futi 90 kwa 30, kama mita 27 kwa 9.

2. Vunja nyasi. Hapa ndipo wengi waliharibu. Usipindue juu juu. Chimba mtaro wa kina cha sepeto moja, upana sm 60. Bandua nyasi za mtaro unaofuata, zilaze chini ya huu wa kwanza mizizi ikitazama juu, zikatekate, ndipo ufukie. Zikibaki karibu na uso, zinaota tena.

ONYO: kwenye nyasi za miaka mingi kuna mabuu ya mbawakawa, membamba, magumu, ya njano kama waya. Hukaa ardhini miaka kadhaa. Ukiondoa nyasi yanahamia kwenye viazi na kuvitoboa. Panda aina za mapema, vuna mapema. Ukichelewa hadi vuli, utachimba vichujio.

ONYO la pili: samadi mbichi na chokaa visiwekwe pamoja, naitrojeni hupaa kama amonia.

3. Gawa tatu: viazi na mizizi; jamii ya kabichi; maharage, njegere na vitunguu. Sogeza kila mwaka.

4. Februari, chipuza mbegu za viazi kwenye trei, penye mwanga pasipoganda.

5. Aprili panda: sm 40 kwa 70. Pandishia udongo.

MASWALI

— Mkuu, Dar nipande lini?
Soma kichwa cha somo. Kalenda ni ya Uingereza, na usiku wa Dar una joto mno kwa kiazi mviringo.

— Ndefu sana. Fupisha.
Hatua ya 2.

— Shikamoo mwalimu. Kwa nini vitunguu viliadimika, na watu walikuwa wanalima?
Marahaba. Vingi vilitoka Bretagne, Ufaransa, na visiwa vya Channel, na 1940 Wajerumani walivishika vyote viwili. Kitunguu cha mbegu ukisia Machi unavuna Agosti au Septemba, hivyo pengo halikuzibika upesi. Majani yakilala yenyewe, ng'oa, anika mpaka shingo ikauke. Chenye shingo nene ukile kwanza. Ghalani huoza na kuambukiza vingine.

— Huku Njombe tunatia chokaa kabla ya viazi. Sawa?
Chokaa nyingi huleta ukurutu kwenye ganda. Wao waliipeleka upande wa kabichi, ambako huzuia ugonjwa wa kuvimba mizizi.

— Nyongeza: handaki la Anderson (la bati, la kujikinga na mabomu bustanini) lilifunikwa udongo wa sm 38, na watu wakapanda mboga juu yake.
Kweli. Jamii ya maboga ilifaa, hutambaa na kushika udongo. Ila mwagilia zaidi: juu ya bati udongo hukauka haraka.