Jinsi ya kupanua kampuni inayomiliki timu za michezo
Anza na timu moja yenye mashabiki waaminifu, kisha umiliki pia uwanja wake na sehemu ya kituo cha televisheni kinachoonyesha mechi zake, kwa kuwa matangazo huingiza fedha hata katika msimu ambao timu inafungwa ovyo. Ndivyo ilivyofanya Fenway Sports Group ya Marekani, iliyonunua Boston Red Sox ya besiboli mwaka 2002, pamoja na uwanja wa Fenway Park na hisa nyingi za kituo cha NESN. Baada ya hapo tafuta mchezo mwingine na nchi nyingine: kampuni hiyo iliichukua Liverpool mwaka 2010, timu ikiwa imelemewa na madeni, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipoonyesha ujasiri zaidi.