Miguu ya Mama Imefura: Soma Kabla Hujatuma Dawa ya Kukojoza Lamu

Ujumbe wa sauti ulinifikia Leicester, Uingereza, usiku, mamangu akisema polepole kama mtu aliyetoka safari ndefu: "Mwanangu, miguu imefura, makubadhi hayaingii tena." Kwetu ni Langoni, Lamu. Usiku ule ule nilifungua kabati nikatoa pakiti ya dawa ya kukojoza iliyobaki mume wangu alipobadilishiwa matibabu. Jirani yetu alikuwa anarudi nyumbani kwa Maulidi, nikampa aibebe. Moyo wangu ulitulia, nikaona nimefanya wajibu wa mtoto.

Siku ya kumi mama alishindwa kupanda ngazi za kwenda darini. Mwili umelegea, moyo unadunda kwa kurukaruka. Hospitali walipompima damu, potasiamu, moja ya chumvi za damu, ilikuwa 6.4, ilhali ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5 hivi. Kiwango hicho kinaweza kusimamisha moyo. Alilazwa, akatibiwa, akapona, alhamdulillahi. Lakini kilichomlaza ni mkono wangu, na ninajua tuko wengi tunaotuma vidonge nyumbani kama tunavyotuma khanga na sabuni.

Tangu hapo nimemkalia mfamasia wetu wa hapa kwa maswali, na daktari aliyemtibu mama pia, mpaka nikaelewa. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kidonge kimoja, dawa mbili ndani

Dawa ya kukojoza inaiamuru figo iachie chumvi, na chumvi ikitoka maji huifuata. Furosemidi inafanya hivyo kwa nguvu na kwa haraka. Hidroklorothiazidi kwa upole zaidi. Tatizo ni kwamba pamoja na chumvi ya kawaida hutoka potasiamu, na potasiamu ikipungua sana misuli hukaza na moyo hupiga vibaya. Ndipo wakatengeneza kidonge cha mchanganyiko, kama kile nilichotuma. Ndani yake huwekwa dawa ya pili, amiloridi, triamtereni au spironolaktoni, ambayo inaongeza mkojo kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kuizuia potasiamu isipotee.

Uingereza pakiti huandikwa co-amilofruse (furosemidi na amiloridi, mara nyingi miligramu 40 na 5) au co-amilozide (amiloridi na hidroklorothiazidi). Marekani wengi hupewa triamtereni na hidroklorothiazidi, kwa mfano miligramu 37.5 na 25. Kwa mgonjwa aliyepimwa akaandikiwa, ni dawa nzuri sana: moyo uliochoka hupumua na mapafu hukauka.

Lakini ona hatari yake. Dawa moja inatoa potasiamu, nyingine inaizuia, na mizani hiyo hutegemea figo za yule anayemeza. Figo za mama wa miaka 70 mwenye sukari si figo za kijana. Kwa figo dhaifu dawa inayozuia ndiyo inayoshinda, potasiamu inajaa kwenye damu, na mara nyingi mgonjwa hahisi chochote mpaka siku moyo unapoyumba. Hakuna namna ya kuijua kwa macho. Ni kipimo cha damu peke yake. Kwa hiyo daktari hupima figo na chumvi za damu kabla ya kuanza, hurudia baada ya wiki moja au mbili, na tena kila anapobadilisha kipimo cha dawa. Mimi nilituma vidonge bila kipimo hata kimoja.

Kwanza ijulikane kwa nini miguu imefura

Hapa ningependa usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Mamangu alikuwa akimeza amlodipini ya presha, miligramu 10. Dawa hii ni nzuri, ila kufura kwa vifundo vya miguu ni jambo lake linalojulikana, hasa kipimo kikiwa kikubwa. Inalegeza mishipa midogo, maji yakavuja nje ya mshipa yakashuka miguuni. Mwili haujazidi maji! Ukimpa mtu huyo dawa ya kukojoza unamkausha, na miguu inabaki vile vile. Tiba ni daktari apunguze kipimo au abadilishe dawa. Daktari wa mama alibadilisha, na baada ya wiki kadhaa makubadhi yakaingia. Mguu wake haukuwahi kuhitaji kile kidonge.

Pwani yetu pia ina matende. Mguu mgumu, ngozi nene, uliofura miaka na miaka: huo haukauki kwa dawa ya kukojoza. Unahitaji kuoshwa kila siku kwa sabuni, kukaushwa vizuri, kuinuliwa, na kuonwa na wahudumu wanaoujua ugonjwa huo.

Mguu mmoja tu ukifura ghafla, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda. Wewe unayetua Manda baada ya saa nyingi ndani ya ndege, jiangalie pia. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito aliyefura uso na mikono, kichwa kinamuuma au anaona ukungu, naye ni wa hospitali mara moja, kwani kifafa cha mimba hakingoji. Msimpe dawa ya kukojoza nyumbani hata nusu kidonge.

Kufura kunakohitaji dawa hii hasa ni kule kunakotokana na moyo, ini au figo, na kila kimoja kina tiba yake. Ukiwa mbali unaweza kusaidia kwa maswali ya simu. Mwambie mtu wa nyumbani abonyeze kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, kwa sekunde chache. Je, shimo linabaki? Je, mama analala kwa mito mitatu ili apumue? Anaamka usiku akitweta? Tumbo limejaa? Mkojo umepungua? Majibu hayo mpe daktari. Si yako kuyaamua.

Kidonge kinakutana na nini nyumbani

Kinakutana na dawa nyingine kwanza. Kenya wagonjwa wengi wa presha hutumia losartani iliyochanganywa na hidroklorothiazidi, kidonge kimoja. Mama alikuwa nayo juu ya amlodipini, nami sikuuliza. Losartani nayo hupandisha potasiamu, sawa na enalaprili na lisinoprili. Ukiiweka pamoja na amiloridi iliyokuwa ndani ya kidonge changu, dawa mbili zinasukuma upande mmoja. Na huku dawa za kukojoza zimekuwa mbili, mwili unakauka, figo zinaelemewa, potasiamu inazidi kupanda. Ndicho kilichotokea.

Kisha kuna dawa za dukani. Ibuprofeni na diklofenaki, zile za magoti na mgongo ambazo wazee wetu humeza kama peremende, zinaifanya figo ishikilie chumvi na maji, zinaidhoofisha dawa ya kukojoza, na zikikutana na losartani figo inaweza kufeli. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa maumivu ya kawaida. Septrini, dawa ya kale ya kikohozi na mkojo, nayo huinua potasiamu. Anayetumia lithiamu (ya maradhi ya akili) au digoksini (ya moyo) asiguse dawa hizi bila daktari wake kujua.

Halafu chakula. Mama alipoanza kulegea, dada zangu walimletea madafu, maana kwetu mgonjwa hupewa madafu. Glasi moja ya madafu ina potasiamu karibu miligramu 400 hadi 600, sawa na ndizi nzima au zaidi. Alikuwa akinywa matatu kwa siku. Waliompa walimpenda kama mimi nilivyompenda.

Simwambii mtu aache madafu maisha yake yote. Mwenye potasiamu ya chini huenda daktari akamshauri ayanywe! Lakini anayemeza kidonge kinachozuia potasiamu amuulize daktari kiasi gani, na apunguze tende, parachichi, ndizi mbivu, muhogo na mbatata mpaka vipimo vijulikane. Muhogo na mbatata vikikatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa kabla ya kutia tui, potasiamu hupungua. Chumvi za kupunguza presha zinazouzwa huku ughaibuni zisitumwe kamwe kwa mgonjwa huyu: nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Na chumvi yetu ya kawaida? Dawa inatoa chumvi mlango wa nyuma. Ng'onda, papa mkavu na achari vinairudisha mlango wa mbele. Mgonjwa anayekula ng'onda kila siku ataonekana dawa haimfanyii kazi, aongezewe kipimo bure.

Ukija likizo na dawa yako mwenyewe

Zibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na nakala ya maandishi ya daktari. Beba zaidi ya siku utakazokaa, maana mchanganyiko ule ule huenda usiupate Lamu. Duka la dawa litakuwa na furosemidi na spironolaktoni mbali mbali, na kujipangia mwenyewe kipimo cha kila moja ni hatari.

Furosemidi huanza kukojoza ndani ya saa moja na nguvu yake hudumu kama saa sita. Ukiimeza kisha ukavuka kwenda Mokowe kupanda basi la Malindi, utateseka njia nzima kupitia Witu na Garsen. Muulize daktari wako kabla ya safari kama siku hiyo unaweza kuimeza ukishafika. Siku za kawaida imeze asubuhi. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za mwinuko mkali na choo mara nyingi kiko chini. Mzee anayeamka mara nne usiku huku kichwa kinazunguka, huanguka. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, ndipo asimame, na taa iwe karibu.

Joto la Lamu si la Leicester. Unatoka jasho na dawa inakutoa maji. Ukishikwa na kuhara au kutapika, mpigie daktari siku hiyo hiyo umuulize kama usimamishe dawa ya kukojoza pamoja na losartani au enalaprili mpaka utakapokula na kunywa kawaida. Mara nyingi atakwambia usimamishe kwa siku moja au mbili, lakini mgonjwa wa moyo asiamue peke yake. Hidroklorothiazidi pia huifanya ngozi ikerwe na jua, hivyo jifunike, na inaweza kuamsha jongo na kupandisha sukari.

Ramadhani iandaliwe mapema. Ukiimeza daku unakauka mchana kutwa. Madaktari wengi huihamishia baada ya futari, lakini wapo wagonjwa ambao daktari atawaambia wasifunge, na rukhsa hiyo ipo kwa ajili yao. Kumbuka pia futari yetu yenyewe: tende, muhogo wa nazi, ndizi, madafu. Yote ni potasiamu juu ya potasiamu.

Cha kutuma badala ya vidonge

Tuma pesa ya kipimo cha figo na chumvi za damu, na uombe picha ya karatasi ya majibu. Tuma mashine ya presha ya mkononi. Tuma mizani ya kupimia uzito, ile ya kusimama juu yake. Mgonjwa wa moyo ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, aandike. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, maji yanarudi na daktari aambiwe. Ukishuka kwa kasi, kinywa kikavu na kizunguzungu, amekaushwa mno, aambiwe pia. Kulegea ghafla, moyo kurukaruka, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi, kutokojoa: hapo hakuna kusubiri kuche.

Omba pia picha ya kila dawa anayomeza, pamoja na zile za mitishamba, zikiwa zimepangwa juu ya meza moja. Picha hiyo ndiyo ningeiomba usiku ule.

Sasa kila Jumamosi mpwa wangu hunisomea daftari la mama: uzito, presha, miguu. Juzi mama mwenyewe alichukua simu, akasema amekwenda na kurudi sokoni kwa miguu yake, akanunua samaki mbichi, si ng'onda.