Mstaafu, funga jiko mapema

Wastaafu wenzangu wa Dodoma, kitambi kinachotuota baada ya kuacha kazi mara nyingi kinatokana na kushinda karibu na jiko. Chai na maandazi saa nne, karanga za kutafuna saa kumi, kisha ugali saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari, na moja kwa moja kitandani.

Jaribuni kula ndani ya saa 8 tu: mlo wa kwanza saa nne asubuhi, wa mwisho uishe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukiona ni kali, anza na muda wa saa 10. Nje ya muda huo ni maji au chai ya rangi isiyo na sukari. Maji hasa, maana hewa yetu ni kavu na uzeeni kiu huchelewa kujitangaza.

Ukifungua, ugali wa uwele na mlenda peke yake havitoshi. Umri huu mtu akikonda hupoteza na misuli, kwa hiyo kila mlo uwe na kunde, maharage, mayai au samaki. Nyama choma ya Msalato ruksa, chipsi ziacheni hukohuko. Na tembeeni.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari aongee na daktari kwanza, dozi huenda ikabadilishwa. Ukitetemeka au kutokwa jasho jembamba, kunywa kitu chenye sukari papo hapo; mfungo utaendelea siku nyingine.