Jinsi ya Kuueleza Uso Ulionuna na Uso Uliokinai

Mwandishi anayetaka kuchora mhusika aliyechukizwa mara nyingi huandika tu kwamba "alikasirika", na akitaka kuchora anayejiona huandika "aliringa", kisha akaendelea na hadithi yake. Maneno hayo yanataja hali ya moyo, lakini msomaji hajaonyeshwa uso. Njia ninayoipendekeza ni kujiuliza kwanza ni kiungo kipi kilichosogea, kwa kuwa Kiswahili kina vitenzi vya mdomo, vya jicho na vya paji la uso, na ukishakijua kiungo, kitenzi hakiko mbali.

Anza na mdomo, ambao ndio wenye utajiri. Tuseme wifi amealikwa chakula cha mchana katika nyumba moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, ameonja pilau ya mke wa kakake, na haikumpendeza. Akiinua midomo ghafla na kuirudisha, ameibetua, na hiyo ni dharau. Akiusukuma mdomo wa chini nje na kuuacha hapo, ameubibidua, na dharau hiyo imechanganyika na kinyongo. Kwa mtoto mdogo, huenda kilio kiko njiani. Akifyonza hewa kwa meno na ulimi hadi ikalia, amesonya. Msonyo ni sauti, kwa hiyo usiandike kwamba mwenye nyumba, aliyekuwa jikoni, aliuona; aliusikia, na ndiyo maana alitoka na mwiko mkononi.

Kununa ni jambo jingine, ingawa wengi hulitumia kwa kila hasira. Aliyenuna amenyamaza, uso umemshuka, na hali hiyo hudumu. Tunasema "amenuna tangu asubuhi", lakini hatusemi "amebetua midomo tangu asubuhi". Aliyefura amezidi hapo: hasira imemjaa na i karibu kumtoka kwa maneno. Kukunja uso kunahitaji tahadhari, kwani abiria anayesubiri feri ya Likoni saa saba mchana huukunja kwa sababu ya jua tu, bila kumchukia mtu. Ukitaka hasira isiyo na shaka, sema amekunja ndita, ili msomaji aione mikunjo juu ya nyusi. Pua haina mengi: hukunjwa kwa kinyaa, basi.

Kwa macho, kosa ninalolikuta sana ni kuandika "alirembua macho" pale mhusika alipokerwa. Kurembua ni kulegeza macho kwa madaha, na anayerembua huwa anataka kupendwa. Aliyekerwa hutupa jicho la pembeni, au hukodoa macho, ingawa hata mwenye mshangao hukodoa, basi muktadha uamue. Dharau ya macho iliyokamilika ni kumpandisha mtu na kumshusha, yaani kumtazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, polepole, kana kwamba unamkadiria bei.

Uso wa aliyejiridhisha ndio mgumu zaidi, kwa sababu hausogei sana. Mfikirie mzee mmoja barazani aliyewaonya vijana kwamba upepo wa kusi umeanza na bahari si ya kuchezewa, nao wakampuuza, wakatoka, wakarudi bila samaki hata mmoja. Mzee huyo hacheki. Anakunywa kahawa yake chungu, anafumba macho nusu, anatabasamu upande mmoja wa mdomo na kuuliza, "Mumerudi, wanangu?" hali anawaona. Kitenzi kinachomfaa ni kukinai, yaani kujitosheleza hadi kutohitaji neno la mtu. Kuringa hakumfai, kwa maana anayeringa hutaka kutazamwa, akatembea kifua mbele; wala kukenua hakumfai, kwa kuwa huko ni kutoa meno nje, na mzee wetu meno yake ameyaficha.

Hapa Mombasa utakutana pia na mhusika aliyevaa nikabu, na mdomo wote niliousifu hapo juu hautakusaidia. Hapo yabaki macho, au mato kama tusemavyo kwa Kimvita, lahaja ya hapa, pamoja na nyusi ikiwa kitambaa hakikuzifunika. Mwandike aliyeinua unyusi mmoja, akampandisha muuzaji wa soko la Kongowea na kumshusha, akairudisha embe penye fungu lake; kisha, kutoka nyuma ya kitambaa, usikike msonyo.