Namna ya kuandika ukoo wa koko (bibi) aliyeishi kwa jembe

Usimuulize mwaka. Koko yetu wa Walungu, kule Kivu Kusini, hajui alizaliwa lini, lakini kaa naye akipukuchua maharagwe, atakwambia mtoto wa kwanza alikuwa mgongoni siku za uhuru wa Kongo. Andika 1960. Mjukuu fulani alizaliwa vita vikiingia Bukavu: 1996.

Nunua kaye (daftari), ukurasa mmoja kwa kila mtoto, hata waliokufa wachanga. Hao ndio husahaulika.

Majina yatakusumbua. Mwaka 1972 rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, basi mtu ni Maria katika kitabu cha ubatizo, na kwenye kadi ya zamani ni mwingine kabisa. Andika yote mawili.

Kisha mashamba, na hapa usiwe na haraka. Kila shamba uliza: ni kalinzi, yaani ng'ombe alitolewa kwa mwami (mtawala wa kimila) na ardhi ikabaki kwa ukoo, ama ni bwasa la kukodi msimu? Wanawake wengi walilima bwasa, ndiyo maana jasho lao halionekani kwenye urithi.

Walioko Kinshasa, watumie picha za kaye kwa WhatsApp. Shangazi atabisha tu. Maneno yake yaandike pembeni kwa biki nyekundu.