Kabla Hujamtaja Ndege wa Pwani kwa Jina

Hapa Unguja mito yetu ni midogo. Ndege wenye miguu mirefu utawakuta zaidi kwenye mahori ya mikoko na kwenye tope linaloachwa wazi maji yakipwa, na kwangu mimi hakuna pahala kama Ghuba ya Chwaka. Watu wanakwenda pale na simu mkononi, wanapiga picha ya kitu cheupe kilicho mbali, kisha wananiuliza, "Huyu nani?" Sijui. Na wewe hutojua, kama hukuyapanga mambo yako kabla ya kutoka nyumbani.

Kwanza maji. Usianze na saa, anza na mwezi. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, karibu na tarehe 1 na 15 za Kiislamu. Siku hizo maji yetu huwa yamepwa kabisa kiasi cha saa 4 asubuhi, na hujaa kiasi cha saa 10 alasiri. Ukifika Chwaka saa 4 utaona tope tupu, na ndege huko mbali kama punje za pilipili manga. Nenda saa 8 mchana. Maji yanaingia, yanawasukuma ndege kidogo kidogo hadi ulipo, na jua liko mgongoni kwako kwa kuwa kijiji kinaelekea mashariki. Kaa kitako, watakuja wenyewe.

Darubini, hata ya kuazima. Viatu vya kufunga, si makubazi, maana chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko wanakata kama wembe. Daftari na penseli. Wino ukirowa umekwisha.

Kwa ukubwa, mtumie kunguru. Yupo kila pahala, na kila mtu anamjua. Andika "mkubwa kuliko kunguru" au "nusu ya kunguru", usiandike "wa wastani", haina maana.

Wengi wa wale wadogo ni wageni kutoka kaskazini, wengine Siberia huko. Huanza kuingia Septemba, na kufika Aprili huwa wanaondoka. Wakiwa kwetu karibu wote huvaa kijivu, sare moja kama wanafunzi, kwa hiyo tazama mdomo kabla ya rangi. Sululu mdomo wake umepinda chini. Akiwa na mistari kichwani, na akiruka anapiga mluzi wa haraka haraka kiasi cha mara 7, huyo ni sululu mdogo. Asiye na mistari, mwenye mdomo mrefu zaidi, ni sululu mkubwa. Kuna kitwitwi mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa, anakimbia huku na huku kama aliyeangusha shilingi. Na yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, hutompoteza. Hutaga ndani ya shimo mchangani, huko pande za Arabuni, na mtoto wake akishafika kwetu bado anamfuata mzazi akiomba kaa. Wale vitwitwi wa mchangani wanaofanana kama mapacha andika "kitwitwi" tu uendelee na safari. Mimi nilishaacha kugombana nao.

Sasa hili la yangeyange, ndilo lililonitia aibu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa napeleka wageni. Siku moja walikuja mume na mke na orodha yao, wakawa wanamtaka mmoja tu: korongo mweusi anayekunjua mbawa mbele yake kama mwavuli, akatia kivuli majini, samaki wakiingia kivulini anawadona. Nikawaambia namjua alipo. Kumbe nilichokuwa nimekiona ni ndege wa rangi ya mkaa ndani ya hori, miguu myeusi, vidole vya njano kama vilivyochovywa kwenye bizari. Kitabu changu kilisema korongo huyo ana vidole vya njano. Basi, nikafunga hesabu.

Njiani tukampita bibi mmoja anafunga mwani. Akauliza tunamfuata nani, nikamwonesha kwa kidole.

"Huyo? Huyo yangeyange, mwanangu. Nduguye yule mweupe pale."

Nikacheka. Wageni nikawatafsiria salamu tu.

Tukakaa zaidi ya saa nzima tukingoja mwavuli. Wapi! Alikuwa anakimbia majini, anasimama, anadona, sawasawa na yule mweupe ubavuni mwake. Nyuma yetu maji yameshaingia mkondoni, na mimi sigeuki, nabishana na ndege. Mwisho akaruka, nikaona baka dogo jeupe kwenye bawa. Tena koo lake lilikuwa jeupe, na lilikuwa jeupe tangu tulipofika. Yule bwana akafunga kitabu chake bila ya neno. Tulivuka mkondo maji kifuani, kamera juu ya kichwa, na mkoba wa mkewe ukarowa na pasipoti zote mbili ndani. Ujira sikudai.

Yangeyange wa pwani yetu ana rangi mbili, kuna weupe na kuna wa rangi ya mkaa, na wote ni ndege mmoja. Vidole vya njano wanavyo wote, na korongo wa mwavuli anavyo vilevile, kwa hiyo vidole havikuamulii kitu. Tazama koo. La yangeyange wa mkaa huwa jeupe. Korongo yule ni mweusi mpaka kooni. Na akisimama kwenye tope, usiandike rangi ya miguu mpaka ajisafishe au aruke. Andika kwanza ulichokiona, kitabu baadaye. Mimi nilianza na kitabu, nikabaki na vidole.

Mengine ni ya kawaida. Chukua maji ya kunywa. Mwambie mtu nyumbani utarudi saa ngapi. Mikoko ya Chwaka imo ndani ya hifadhi ya taifa pamoja na msitu wa Jozani tangu 2004, kwa hiyo ukitaka kuingia ndani uliza kwanza. Kijijini vaa nguo za heshima. Usiwafukuze ndege ili upate picha wakiruka, wamechoka na safari. Kamba za mwani ni mali ya watu. Ukiona vigingi, zunguka. Kila nusu saa geuka nyuma utazame mkondo. Na mkoba wenye karatasi uache garini.